Kibodi ya Wifi Yangu

Wifi yangu alikaa barazani kwangu miezi mitatu, na katika miezi hiyo hakuna pindo nililoshona likakosa neno lake. "Hapo umevuta uzi, wifi." "Hiyo kola inatazama wapi, wifi?" Mimi ni fundi cherehani kwa miaka kumi na minane sasa. Nimeshona magauni ya maharusi na ya wafiwa, na hakuna aliyewahi kunirudishia kazi. Lakini utamwambia nini dada mkubwa wa mume wako? Unameza mate, unakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili mlio wake umzidi sauti.

Sikumchukia, nataka hilo lieleweke mapema. Mtu mikono yake ikinyang'anywa kazi, macho yake hujitafutia.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Alianza na mashine za chuma, zile ambazo ukifika mwisho wa mstari zinalia kengele, kisha akahamia kwenye kompyuta, na kwa jumla alikuwa ametimiza miaka thelathini. Alipanga chumba mtaa wa pili, kati ya kinyozi na mshona viatu, chumba ambacho mteja wa pili akiingia, wa kwanza lazima ajibanze ukutani. Watu walimletea barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, wosia, ripoti za shule. Mtaa mzima ulimwita Chapachapa. Hakutazama vitufe. Hakutazama hata kioo cha kompyuta. Macho yalikuwa kwenye karatasi ya mteja, iliyosimamishwa kwa kibanio cha nguo, na vidole vilijiendea vyenyewe huko chini. Ukimsemesha, alikujibu bila kusimama.

"Mpiga chapa anayetazama vitufe," alikuwa akisema, "ni sawa na mtu anayetazama miguu yake akitembea. Atafika, lakini sisi tutakuwa tumeshalala."

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaiunguza laptopu yake. Mume wangu, ambaye ni fundi redio na ndiye mdogo wake wa mwisho, aliifungua, akainusa, akaifunga. Ubao wa ndani ulikuwa mweusi kama tako la sufuria. Hilo peke yake lisingemshinda wifi. Kompyuta ni kompyuta, angetafuta nyingine. Kilichomshinda ni vidole. Viungo vyake vilikuwa vimeanza kuvimba tangu mwaka juzi, na hakumwambia mtu, kwa sababu vitufe vya ile laptopu vilikuwa vyepesi. Unavigusa tu, vinaitika. Vya kompyuta za mezani ni virefu na vigumu, lazima uvisukume kimoja kimoja, na kila ukisukuma kiungo kinalia.

Tulilijua hilo alipoitwa na Wakili. Wakili huyu ana ofisi ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari, na kwa miaka mingi alikuwa akimletea wifi nyaraka zilizomzidi mpiga chapa wake. Alipoona chumba kimefungwa alimtumia ujumbe: mpiga chapa wangu anastaafu, njoo ujaribiwe, ukurasa mmoja kwa dakika kumi. Wifi alikwenda amevaa sketi niliyomshonea mimi, ile aliyosema ina kiuno cha mtu mwingine. Alifika nusu ya ukurasa. Alirudi ameifumbata mikono kifuani, akaniomba maji ya uvuguvugu, akaitumbukiza kwenye beseni na kukaa kimya mpaka maji yakapoa. Sikuwa nimewahi kumwona wifi yangu akikaa kimya.

"Amenipa nafasi nyingine," alisema mwishowe. "Jumatatu, saa nne asubuhi. Anasema ni kwa heshima ya kazi za zamani. Lakini kibodi ni ileile, na mikono ni hii hii." Aliitoa kwenye maji, akaitazama. "Wifi, mimi si mke wa mtu, si mama wa mtu. Ni mpiga chapa. Nisipokuwa hivyo, mimi ni nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba yeye ni wifi yangu. Lakini kwa wakati ule lisingemfariji, na sina hakika kama lingenitoka vizuri.

Mume wangu alikuwa mlangoni, amesikia. Ni mtu wa maneno machache. Ukiona anaongea sana, ujue redio imemshinda. Aliingia ndani, akaivuta ile laptopu iliyoungua kutoka chini ya kitanda, akakaa nayo mezani na bisibisi. Haikuchukua muda alikuwa ameing'oa kibodi peke yake, kitu chembamba kama jalada la daftari, na nyuma yake ukaning'inia utepe wa plastiki wenye mistari ya kupitisha umeme.

"Kibodi nzima," alisema. "Kilichokufa ni mwili."

"Sasa kibodi bila mwili utaifanyia nini?"

"Nitaipa mwili mwingine."

Alinieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Kibodi ya laptopu huwezi kuichomeka tu kwenye kompyuta ya mezani. Utepe wake hauingii popote, na hata ungeingia, kompyuta isingejua unasema nini. Lazima katikati pawe na mkalimani. Mkalimani mwenyewe ni kibao kidogo chenye chipu, upana wa vidole viwili. Upande mmoja kinapokea nyaya za kibodi, upande wa pili kina waya wa USB. Mume wangu alikuwa nacho kimoja kwenye droo, alikinunua kwa ajili ya kengele ya mlango ambayo hatujaisikia mpaka leo. Shida ni kwamba mkalimani haji akiwa na ujuzi. Utepe ule ulikuwa na mistari ishirini na minne, na kila kitufe ukikibonyeza kinaunganisha miwili kati ya hiyo, labda wa tatu na wa kumi na saba. Upi na upi, hapakuandikwa popote. Lazima upekue mwenyewe, kitufe kwa kitufe, kisha umtungie mkalimani kamusi.

Tulianza Jumamosi baada ya chai. Wifi tulimwambia abaki kwake apumzishe mikono, na kwa mara ya kwanza alitii. Ncha za mita yake ndogo ya kupimia umeme zilikuwa nene, zinagusa mistari mitatu kwa mpigo, na mume wangu akaanza kulaani. Nilimletea pini zangu za kushonea. Alizifungia kwenye zile ncha kwa waya, zikagusa mstari mmoja mmoja kama inavyotakiwa.

"Leo nimeona faida ya kuoa fundi," alisema.

"Leo? Hizo suruali zinazokukaa kiunoni zilijishona zenyewe?"

Basi kazi ikawa hivi: mimi nabonyeza kitufe na kukishikilia, yeye anahamisha pini kutoka mstari hadi mstari mpaka mshale wa mita unaruka, anataja namba mbili, mimi naziandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na bega na kiuno cha mwalimu mmoja mnene. Ukurasa wa kulia, S, nne na kumi na moja, D, nne na kumi na mbili. Kidole changu cha shahada kilikufa ganzi. Nikapata picha kidogo ya mikono ya wifi, na sikuipenda.

Vitufe viwili havikuwa na vifuniko, vimebaki vipande vya mpira vitupu, kimoja safu ya juu na kimoja safu ya chini. Tulipofika hapo tukasimama.

"Hizi ni herufi gani?" mume wangu aliuliza. Yeye huandika kwa kidole kimoja, kila herufi anaitafuta kama aliyeangusha sindano. Mpangilio wa kibodi haumo kichwani mwake, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Mimi ndiye niliyejibu. Niliyapitia yale maandishi ya vifuniko vilivyobaki, nikahesabu alfabeti yote, nikaona zinazokosekana ni A na I. Na nilijua sababu, au nilidhani najua.

"Nguo hutoboka kiwikoni," nilimwambia. "Hutoboka panapofanya kazi. Katika maandishi yetu kuna herufi inayofanya kazi kama A? Na nyuma yake si I? Hizo ndizo zimepigwa mpaka zikang'oka. Tazama Q na X, zipo salama, maana hakuna mwenye haja nazo. Huu wa juu utakuwa A, ndiyo ya kwanza. Wa chini ni I."

Mume wangu alinitazama kwa heshima ambayo nilikuwa sijaiona muda mrefu, akataja namba, nikaandika. Kompyuta yake ya kazi ilikuwa juu ya meza ileile, na kibodi yake kamili, kila herufi mahali pake. Ilitutosha kugeuza shingo. Hatukugeuza.

Jumapili aliibandua soketi ya utepe kutoka kwenye ule ubao ulioungua, akalehemu nyaya ishirini na nne nyembamba kama uzi wa kudarizi, akaiingiza kamusi yangu kwenye chipu. Saa tisa alasiri alichomeka waya. Alitafuta herufi kwa kidole chake kimoja, moja baada ya nyingine, na kila ilipofika A alibonyeza kile kipande cha mpira cha juu. Kwenye kioo ikatokea: *habari dada*. Tulipiga kelele kama waliofunga goli. Nilikimbia kumwita wifi, na tuliporudi naye mlangoni, umeme ukakatika.

Kwa hiyo wifi aliijaribu ikiwa imelala. Aliiweka mapajani, akafumba macho, vidole vikaanza kwenda. Alipiga chapa hewani dakika nzima.

"Ni yenyewe," alisema. "Ni kibodi yangu hasa." Machozi yalimlenga, akasingizia moshi wa lehemu, ambao ulikuwa umeshaisha zamani.

Umeme haukurudi mpaka asubuhi, na asubuhi hapakuwa na muda. Mume wangu alikuwa na redio ya mteja mkali, basi wifi nikamsindikiza mimi. Kibodi ilikuwa imegongewa juu ya ubao mwembamba, nyaya zimetandazwa pembeni, nami nimeizungushia kitambaa kama mtoto. Tulipanda ngazi zenye harufu ya rangi mpaka ofisini. Chumba kilijaa mafaili hadi dirishani, feni ikizipuliza karatasi zilizobanwa kwa mawe. Wakili mwenyewe ni mrefu, miwani huiweka juu ya paji la uso, na kila baada ya sentensi mbili hutazama saa ya ukutani.

"Hicho kitu kitalipua ofisi yangu?" aliuliza alipoona nyaya.

"Hakilipui," wifi alisema. "Kinapiga chapa."

Wakili alimpa ukurasa wa mkataba ulioandikwa kwa mkono. Wifi alichomeka kibodi yake kwenye kompyuta ya ofisi, akatoa kibanio chake cha nguo mkobani, akaisimamisha karatasi kushoto, akanyoosha vidole mara moja, akaanza.

Nilisimama nyuma yake. Kwanza niliitazama mikono. Haikusita, haikukunjamana. Yale mafundo yaliyovimba yalipanda na kushuka bila kulalamika, na mlio ulikuwa mwepesi, wa haraka, ule ule niliokuwa nikiusikia zamani nikipita nje ya chumba chake. Moyo wangu ukatulia. Kisha nikainua macho kwenye kioo.

*Mkqtqbq huu umefqnyxkq bqxnq yq mwenye nyumbq nq mpqngqjx.*

Na papo hapo nikaelewa yote, maana ni jambo ninalolifanya mwenyewe kila wiki. Mteja akiniletea gauni limetoboka kiwikoni, kiraka nakikata pindoni, kwa ndani, pasipoonekana. Kata pua uunge wajihi. Wifi yangu naye kifuniko cha A kilipomvunjikia, alikwenda kuchukua kisichokuwa na kazi, akabandika. Kitufe kilichoandikwa Q kilikuwa A. Kilichoandikwa X kilikuwa I. Yeye asiyetazama hakuwa na haja ya kukumbuka, na mimi niliyetazama nilisoma kiraka nikadhani ndiyo nguo.

Nilifungua mdomo nimsimamishe. Kisha nikauona uso wake kwa pembeni. Alikuwa akiimba chini chini, puani, wimbo usio na maneno, na midomo imetabasamu kuelekea ile karatasi. Miezi mitatu sikuwa nimeuona uso huo. Nikaufunga mdomo. Usinisifu, haikuwa busara. Niliogopa tu kuwa mimi wa kuufuta.

Wakili alizunguka meza aone. Miwani ikashuka kutoka kwenye paji hadi puani. Alinigeukia, na mimi, mshona nguo, nikajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha Wakili ndani ya ofisi yake mwenyewe. Alinyamaza. Nadhani ni mshangao.

"Nimemaliza," wifi alisema, akainua macho.

Saa ilionyesha dakika ya nane na kidogo. Feni ilizunguka. Wifi alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aliinamisha kichwa akavitazama vitufe vyake. Alibonyeza kile kipande cha mpira cha juu, kwenye kioo ikatokea a, akaifuta.

"Nani kasema hii ni A?"

"Mimi," nilisema. "Ni mimi, wifi. Ndugu yako hana kosa. Mimi ndiye niliyeandika. Nimekuharibia, nisamehe."

"A yangu ilivunjika mwaka juzi," alisema polepole, kama anayeongea na kibodi. "Nikaibandika Q. I ilipovunjika, nikaibandika X. Sikuona haja ya kumwambia mtu. Miaka thelathini sijapewa neno letu hata moja linalozitaka."

"Dakika moja na nusu," alisema Wakili.

Mabega ya wifi yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Haya," alisema. "Kama hazitakiwi, basi humu ndani hamna q hata moja isiyokuwa a."

Vidole vikashuka tena. Kidirisha kidogo kikafunguka kwenye kioo, kile cha kutafuta na kubadilisha. Katika nafasi ya kwanza alipiga kitufe chake cha A, ikatokea q. Katika ya pili alibonyeza kile kipande cha mpira, ikatokea a. Badilisha zote. Ukurasa mzima ukatetemeka na kujirekebisha mbele ya macho yetu. Akarudia kwa x na i. *Mkataba huu umefanyika baina ya mwenye nyumba na mpangaji.* Mashine ikauchapa, na sekunde ishirini zilibaki, nilizitazama mwenyewe.

Wakili aliusoma na kalamu nyekundu mkononi, kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu. Mimi nilikuwa naomba kwa kila jina nililolijua. Mwishowe akairudishia kalamu kifuniko chake.

"Kibodi yako ina makosa mawili," alisema, "na ukurasa hauna hata moja. Wiki iliyopita nilimjaribu mtu mwenye kibodi nzima, na ukurasa wake niliutupa." Alitazama saa. "Utaanza kesho. Na hicho kidude kitafutie boksi, hizo nyaya zinanitia hofu."

Kwenye ngazi wifi alinishika mkono, si kwa mapenzi, ni kwa sababu ngazi zile ni kali. Lakini tulipofika chini hakuuachia.

"Uliona tangu lini?"

"Tangu mstari wa kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unaimba, wifi."

Alisimama katikati ya madebe ya rangi. "Mimi naimba nikifanya kazi?" Hakuna aliyewahi kumwambia. Katika miaka thelathini ya kubanana na wateja chumbani mle, hakuna aliyewahi kumwambia.

Mume wangu alirekebisha kamusi jioni ile kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu, "Nguo hutoboka kiwikoni, eh?" na ameendelea kulisema hilo kila nikijifanya mjuaji, na nadhani tutazikana nalo. Aliitengenezea kibodi boksi la mbao, mimi nikachagua vifungo viwili bapa vya shati na kuvigandisha juu ya vile vipande vya mpira vitupu.

"Vya nini hivyo?" wifi aliuliza. "Hizo sizigusi."

"Hata pindo lisiloonekana mimi hulimaliza," nilimjibu.

Aliinua kibodi karibu na macho, akaigeuza kulia na kushoto, akavikagua vile vifungo kama anavyokagua kola zangu. Nilingojea neno. "Vimekaa sawa," alisema, akaiweka mkobani.

Asubuhi yake baraza lilikuwa tupu. Nilishona kola ya mteja mwanzo mpaka mwisho na hakuna aliyenisemesha. Kazi ilikwenda haraka kuliko siku zote. Kufika saa sita nikasimamisha cherehani, nikaiinua ile kola kwenye mwanga, nikaitazama kwa muda mrefu, kisha nikachukua wembe nikaifumua, maana kwa kweli ilikuwa inatazama kando.